Kibo Hujifunikia Nini? Mawingu ya Milimani na Masimulizi Yake

Mgeni afikaye Moshi usiku na kuamka alfajiri hupata bahati ambayo yule aingiaye mjini saa sita mchana huikosa. Saa kumi na mbili asubuhi, mbingu zikiwa bado na rangi ya majivu, Kibo huonekana wazi kuanzia ukingo wa msitu hadi kwenye barafu yake, na Mawenzi huonekana pembeni kama jino lililovunjika. Kiasi cha saa mbili kijiwingu chembamba huanza kuning'inia katikati ya msitu, mfano wa moshi wa mtu apikaye. Saa nne vijiwingu vimekwisha kushikana. Saa sita mlima haupo. Mgeni wa pili akishuka kwenye basi na kuuliza Kilimanjaro ni upande gani, wenyeji humwonyesha kwa kidole ukuta wa mawingu, naye huondoka akidhani ametaniwa.

Hata wasafiri makini wamepata kubabaishwa na mlima huu. Tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Johannes Rebmann, akitokea pwani kuelekea Uchagani, aliona kileleni kitu cheupe chenye kumetameta. Kwanza alidhani ni wingu. Kiongozi wa msafara wake alipoulizwa hakusema ni wingu wala si wingu. Alisema ni "baridi" tu. Baada ya kufikiri, Rebmann akatambua kwamba alichokuwa akikitazama ni theluji. Habari hizo zilipochapishwa Ulaya, mwanajiografia mmoja wa London, William Desborough Cooley, ambaye hakupata kukanyaga Afrika, alizikataa katakata kwa muda wa miaka mingi. Theluji karibu na Ikweta! Ubishi huo haukupoa mpaka mwaka 1862, Baron von der Decken na Otto Kersten walipopanda hadi kupita mita 4,000 na kunyeshewa na theluji yenyewe.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu yule kiongozi wa msafara, katika neno lake moja, alikuwa ameligusa jambo lenyewe. Theluji ya Kibo na wingu la Kibo yote mawili ni watoto wa baridi, na mwenye kutaka kujua jinsi wingu linavyofanyika mlimani hana budi kwanza aulize baridi hiyo yatoka wapi.

Swali hilo huulizwa na wanafunzi wa kidato cha kwanza kila mwaka, na ni swali zuri kuliko wanavyodhani. Kilele kiko karibu zaidi na jua, nasi twafundishwa kwamba hewa ya moto hupanda juu; basi kwa nini kileleni kuna barafu? Sehemu ya kwanza yajibika upesi. Jua liko umbali wa kilomita milioni 150 hivi. Kulisogelea kwa kilomita sita ni kama mtu wa Dar es Salaam kupiga hatua moja na kusema amekaribia Kigoma. Isitoshe, miali ya jua hupenya hewani bila kuipasha joto jingi. Huipasha ardhi, na ardhi ndiyo iipashayo hewa kutoka chini, kama sufuria ipashwavyo na jiko.

Sehemu ya pili yahitaji subira kidogo. Mwendesha baiskeli yeyote anajua kwamba akijaza upepo kwa nguvu, bomba la pampu hupata moto. Hewa iliyobanwa hupata joto. Kinyume chake ni kweli pia: hewa iliyoachiwa ikatanuka hupoa, kwa kuwa kutanuka ni kazi, na nguvu ya kufanyia kazi hiyo hewa huitoa katika joto lake yenyewe. Sasa tazama hewa inayopanda mlimani. Kadiri inavyopanda, hewa iliyo juu yake inapungua, na kwa hiyo kanieneo linaloibana linapungua. Inatanuka, na kwa kutanuka inapoa. Haikupozwa na theluji wala na upepo wa kusini. Imejipoza yenyewe. Kiwango chake chajulikana vizuri: hewa isiyokuwa na wingu hupoa karibu digrii 10 za sentigredi kwa kila mita 1,000 inazopanda. Ndiyo maana karibu na kilele cha Kibo, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, wastani wa joto kwa mwaka ni digrii 7 hivi chini ya kiwango cha kuganda, na hali chini, mjini Moshi, watu wanatafuta kivuli.

Hewa ya kwetu haikosi mvuke wa maji. Hatuuoni mvuke huo, kwani mvuke halisi hauna rangi. Lile tulionalo likitoka mdomoni mwa birika si mvuke tena bali ni matone madogo sana. Hewa ya moto yaweza kubeba mvuke mwingi, hewa ya baridi mchache. Kwa hiyo hewa ikipoa, hufika mahali ambapo mvuke uliomo ndio mwisho wa uwezo wake. Hapo twasema imeshiba. Joto lile inaposhiba huitwa kiwango cha umande, kwa sababu ndilo joto ambalo majani ya alfajiri hupata umande. Ikipoa zaidi ya hapo, mvuke uliozidi hauna pa kukaa. Hugeuka matone, na matone hayo ndiyo wingu.

Wataalamu wa hali ya hewa wana kanuni moja nyepesi ambayo ningependa kila mwalimu wa jiografia aitie mfukoni. Chukua joto la hewa pale ulipo, toa kiwango cha umande, halafu zidisha tofauti hiyo kwa 125. Jibu ni idadi ya mita kutoka hapo ulipo hadi tako la wingu. Tuseme Moshi iko mita 850 juu ya usawa wa bahari, na mchana joto ni digrii 30, na kiwango cha umande ni digrii 18. Tofauti ni 12. Mara 125 ni 1,500. Ukijumlisha na zile 850 wapata mita 2,350. Sasa inua macho utazame mlima: urefu huo ni katikati ya msitu. Msitu wa Kilimanjaro haukuota pale kwa bahati. Umeota pale ambapo wingu hukaa.

Hata hivyo, kupoa peke yake hakutoshi. Matone hayawezi kujiunda hewani hivi hivi. Yanahitaji kitu cha kushikamana nacho. Mnamo miaka ya 1880, Mskoti John Aitken alionyesha kwamba hewa iliyochujwa vumbi lote hukataa kufanya ukungu hata ikisha kupita kiwango cha kushiba, lakini ikiingizwa moshi kidogo tu, ukungu hutokea mara moja. Kila tone la wingu lina kiini chake: punje ya chumvi iliyorushwa na mawimbi ya Bahari ya Hindi, chembe ya moshi wa shamba, vumbi la Upare. Hivyo wingu lililofunika Kibo lina ndani yake kitu kidogo kutoka kwetu sote.

Jaribio lake lafanyika darasani kwa dakika tano. Tafuta chupa laini ya plastiki yenye kifuniko, tia maji ya uvuguvugu kiasi cha vijiko viwili, tikisa, kisha funga. Iminye kwa nguvu, uihesabie kumi, halafu iachie ghafla. Utaona kidogo sana au usione kitu. Sasa fungua, washa kijiti cha kiberiti, kizime, ingiza moshi wake ndani ya chupa, funga upesi, iminye tena na kuiachia. Chupa itajaa ukungu mweupe. Iminye, ukungu utatoweka; iachie, utarudi. Wanafunzi hupiga kelele, waache wapige. Kila unapoachia mkono umeipandisha hewa mlimani, na kila unapominya umeiteremsha.

Kwa jaribio la namna hiyo hiyo, ingawa kwa vyombo bora zaidi, kijana mmoja aitwaye C. T. R. Wilson alipata Tuzo ya Nobel. Septemba 1894 Wilson alikaa wiki mbili katika kituo cha hali ya hewa kilichokuwa juu ya mlima Ben Nevis, Uskoti. Asubuhi jua lilipochomoza nyuma yake aliona kivuli chake kimetua juu ya mawingu ya bondeni, na kuzunguka kichwa cha kivuli hicho kulikuwa na pete za rangi kama upinde wa mvua. Katika milima ya Harz huko Ujerumani kivuli cha namna hiyo kilikuwa kikiitwa zimwi la Brocken, na watu walikikimbia. Wilson hakukimbia. Alirudi Cambridge akajaribu kuyatengeneza mawingu hayo ndani ya chombo cha kioo ili azitazame rangi zake kwa nafasi, na katika kufanya hivyo akagundua kwamba hata hewa isiyo na vumbi, ikitanuliwa vya kutosha, hupata viini vya aina nyingine, yaani chembe zenye umeme. Kufikia mwaka 1911 chombo chake kiliweza kuonyesha njia ya chembe moja ya mnururisho, imechorwa kwa matone ya ukungu. Tuzo ilikuja mwaka 1927. Mtu alikwenda kutazama mawingu ya mlimani akaishia kuwapa wanafizikia jicho la kuonea vipande vya atomu.

Turudi Moshi. Kwa nini Kibo kiwe wazi alfajiri na kifunikwe mchana? Jua likichomoza, miteremko hupata joto mapema kuliko hewa iliyo mbali na mlima katika kimo kile kile. Hewa iliyogusana na miteremko huwa nyepesi, ikaanza kutambaa kuelekea juu kupitia makorongo na vihamba vya migomba, nayo huuchukua unyevu wa bonde zima. Kadiri mchana unavyokua, mkondo huo huongezeka nguvu, na wingu huongezeka nao. Jioni mambo hugeuka. Miteremko hupoa upesi, hewa yake huwa nzito, hutiririka kushuka. Na hewa inayoshuka hubanwa, hupata joto, na matone ya wingu hurudi kuwa mvuke. Usiku mlima hujivua nguo ulizovaa mchana. Anayelala karibu na korongo la mlimani huijua baridi ya pumzi hiyo ya usiku hata kama hajui sababu yake.

Wazee wa Uchagani wanalo simulizi lao juu ya jambo hili, na nimelisikia kwa namna zaidi ya moja. Kibo na Mawenzi walikuwa jirani. Moto wa Mawenzi ulizimika, akaenda kwa Kibo kuomba kaa la moto, akapewa, na ndizi pia akakirimiwa. Njiani akauzima moto kwa makusudi, akarudi kuomba tena, akapewa tena. Mara ya tatu Kibo alichoka kuchezewa, akashika mchi, akampiga Mawenzi hata akamvunja-vunja kichwa. Ndiyo sababu Mawenzi ana kichwa chenye mapengo mpaka leo, na wengine huongeza kwamba kwa aibu ya majeraha yake hujifunika mawingu watu wasimwone.

Mwanajiolojia huona humo mambo mawili ya kustaajabisha. La kwanza ni kwamba masimulizi yanaikumbuka milima hii kuwa yenye moto. La pili ni kwamba yanasema Mawenzi ndiye aliyezimikiwa kwanza, na kwa kweli Mawenzi ni volkano kongwe kuliko Kibo, iliyokwisha kuliwa na mvua na barafu. Sisemi kwamba babu zetu waliuona moto wa Mawenzi ukizimika. Huo ulizimika zamani mno. Nasema waliutazama mlima vizuri, wakalinganisha kichwa cha duara na kichwa kilichobomoka, wakajua kipi kimepigwa na dunia muda mrefu zaidi. Na kuhusu aibu ya mawingu, Mawenzi ina mita 5,149, yaani ni fupi kwa Kibo kwa mita 746, tena iko upande wa mashariki unaopokea kwanza upepo wa baharini. Wingu likisimama kimo cha mita 5,300 litaimeza Mawenzi yote na kumwacha Kibo ameelea juu peke yake kama kisiwa.

Yako na masimulizi ya hofu. Wamisionari wa karne ya 19 waliandika kwamba mangi mmoja wa Machame aliwahi kutuma watu waende kukileta kile kitu cheupe, kilichodhaniwa kuwa fedha. Wengi walikufa, aliyenusurika alirudi mikono na miguu yake imeharibiwa na baridi. Ilisemekana pia kwamba fedha hiyo ikiletwa chini hugeuka maji. Sioni ujinga wowote katika habari hiyo. Ni taarifa ya uchunguzi, na matokeo yake ni sahihi.

Wamasai, wanaoutazama mlima kutoka tambarare kavu, humwita Mungu Enkai, na neno hilo hilo ni mvua. Wanamtaja Enkai mweusi, aliye mwema, na Enkai mwekundu, mwenye hasira. Kwa mfugaji, wingu jeusi ni rehema na anga jekundu la vumbi ni njaa. Wachaga, kwa upande wao, humwita Mungu Ruwa, neno lililo moja na jua. Nimewahi kuwaza kwamba tofauti hii si ya bure: anayeishi chini ya kivuli cha wingu miezi mingi ya mwaka hulitamani jua, na anayeishi juani hulitamani wingu. Lakini hilo ni wazo langu tu, na wataalamu wa lugha wana haki ya kunisahihisha. Kwa Wagikuyu wa Kenya, Ngai ana makao yake Kirinyaga, na wazee waliomba wakiuelekea mlima huo. Si vigumu kuelewa. Mahali ambapo maji yote hutoka, na ambapo macho hayaruhusiwi kufika mchana, pangekuwaje pa kawaida?

Hapa yanipasa kukiri kosa langu mwenyewe. Muda mfupi baada ya kurudi kutoka masomoni ng'ambo, niliwachukua wanafunzi wangu kwenda kwenye miteremko ya kusini ya Kilimanjaro kupima joto la udongo. Ilikuwa mchana wenye jua. Juu kabisa, Kibo kilikuwa kimevaa wingu dogo la mviringo, laini kama kofia. Nikawaeleza wanafunzi, kwa kujiamini kwingi, kwamba wingu la namna hiyo halileti mvua, na kwamba tungefanya kazi hadi jioni. Karibu yetu alikuwapo mzee mmoja, msimamizi wa mfongo unaopeleka maji katika vihamba vya upande ule. Alikuwa akiwatuma vijana wawili wapande haraka kwenda kuufunga mfongo pale unapoanzia mtoni, maana mto ukifurika mfongo ukiwa wazi, maji hubomoa kingo zake na kazi ya wiki nyingi hupotea. Nikamwendea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Wanafunzi hao ni wako?"

"Ni wangu, mzee. Naona mnafunga mfongo, na jua lote hili?"

Akanitazama kidogo, kisha akautazama mlima. "Wewe, mwanangu, unatazama kichwa. Kichwa huvaa kofia hata siku ya jua. Tazama magoti."

Magoti ya mlima, kwa maneno yake, ni pale msitu unapoishia na vihamba kuanza. Nikatazama. Wingu la msituni, ambalo asubuhi lilikuwa halijaonekana, halikuwa limekaa katikati ya msitu kama kawaida. Lilikuwa limeteremka likaumeza ukingo wa chini wa miti. Ilipofika saa tisa mvua ilitushukia kwa wingi ambao sijausahau, na daftari za vipimo zililowa zote.

Usiku ule, nikikausha karatasi kwa taa ya chemli, nilifanya hesabu ambayo ningepaswa kuifanya mchana. Hewa ya siku ile ilikuwa na joto la digrii 26 na kiwango cha umande cha digrii 20. Tofauti ni 6. Mara 125 ni 750. Jumlisha 850, ni mita 1,600. Siku ya kawaida, kama tulivyoona, tako la wingu huwa mita 2,350. Wingu lililoshuka mita 750 linatangaza kwamba hewa ya bonde zima imejaa mvuke, na kwamba haihitaji kupanda sana ili iuachie. Yule mzee hakuwa na kipimajoto. Alikuwa na msitu. Ukingo wa miti ulikuwa ndio rula yake, na rula hiyo ilikuwa imesomwa na baba yake na babu yake kabla yake. Methali yetu yasema dalili ya mvua ni mawingu. Yeye aliijua kanuni iliyo bora kuliko methali, yaani wingu lipi, na limekaa wapi.

Na ile kofia je? Hiyo nayo ina elimu yake. Wingu la kofia huonekana limetulia mahali pamoja kwa saa nzima, hata upepo ukivuma kwa nguvu, na hapo ndipo watu huuliza kwa nini halipeperushwi. Jibu ni kwamba wingu hilo si kitu bali ni mahali. Hewa huingia upande mmoja wa kilele, hupanda, hupoa, matone hujiunda; hupita juu, huanza kushuka upande wa pili, hupata joto, matone hutoweka. Umbo limebaki lile lile, lakini maji yaliyomo si yale ya dakika tano zilizopita. Ni kama povu lililo chini ya jiwe mtoni: povu halisogei, maji ndiyo yanayopita. Matone ya wingu hilo ni madogo mno, unene wake ni kama sehemu moja ya hamsini ya milimita, nayo hukaa hai kwa muda mfupi. Ili kupata tone moja la mvua la kawaida yanahitajika matone ya wingu yapatayo milioni moja yaungane. Kofia haiyapi nafasi ya kuungana.

Mlima haugawi mawingu yake kwa haki. Upande unaoupokea upepo wa baharini hupewa mvua, upande wa nyuma huachiwa upepo mkavu. Mfano ulio wazi ni Uluguru. Upepo wa kusi utokao Bahari ya Hindi hukutana na milima hiyo ukiwa bado na mzigo wote wa mvuke. Tuseme hewa yenye digrii 28 imefika chini ya milima, mita 300 juu ya usawa wa bahari, na inalazimika kuvuka kigongo chenye mita 2,300. Katika mita 800 za kwanza inapoa digrii 8, na hapo wingu linaanza. Kutoka hapo haipoi tena kwa kasi ile, kwa sababu mvuke unapogeuka maji hutoa joto fichi ulilolichukua baharini ulipokuwa ukivukizwa. Sasa inapoa digrii 5 hivi kwa kila mita 1,000. Mita 1,200 zilizobaki zinaipunguzia digrii 6 tu. Inafika juu ikiwa na digrii 14, na maji imekwisha kuyamwaga. Ikishuka upande wa pili haina wingu, hivyo inapata digrii 10 kwa kila mita 1,000. Ikiteremka hadi kimo kile kile cha mita 300, itakuwa na digrii 34. Hewa ni ile ile. Iliingia na digrii 28 na unyevu, ikatoka na digrii 34 na ukavu. Kwa sababu hiyo hiyo Amani, katika Usambara ya Mashariki, ina msitu mnene wa mvua, na Mombo, chini ya Usambara ya Magharibi, ni nchi ya mkonge. Kwa sababu hiyo Amboseli, kaskazini ya Kilimanjaro, hupata mvua ya milimita 350 hivi kwa mwaka, ilhali msitu wa miteremko ya kusini ya mlima huo huo hupata zaidi ya milimita 2,000.

Sasa jiulize waganga wa mvua wa Uluguru walikaa wapi. Kingalu, ambaye jina lake lilisikika mbali kwa sababu ya mvua, kiti chake kiko Kinole, upande wa mashariki. Pango la Kolelo, ambako watu walikwenda kuomba mvua na rutuba, na ambalo habari zake zilichanganyika na zile za vita vya Maji Maji vya mwaka 1905, nalo limo katika upande huo unaotazama bahari. Wasambaa walimtegemea mfalme wao wa Vugha aiponye nchi kwa mvua, na walimlaumu ilipokosekana. Mwanasayansi hawezi kukubali kwamba dawa ya mganga ndiyo iliyoleta wingu. Lakini atakuwa mzembe asipoona kwamba makao ya waganga hao yalichaguliwa na watu walioujua mwelekeo wa upepo.

Kuna jambo jingine ambalo mawingu haya hulifanya bila kelele, nalo ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote. Si maji yote ya mlimani yanayoanguka kama mvua. Wingu likipita katikati ya miti, matone yake madogo hunaswa na majani membamba ya mirika, na kuvumwani, na zile ndevu za kijivu zinazoning'inia matawini, kisha hudondoka chini tone tone, hata siku ambayo kipimamvua cha uwanjani hakikupata kitu. Msitu wa juu huyakamua mawingu. Ukikatwa au kuungua, wingu litapita vile vile, jeupe na la kupendeza, lakini halitaacha maji.

Watu wengi huamini kwamba mito ya Kilimanjaro yatoka katika barafu ya Kibo, na barafu hiyo kweli inakwisha: mwaka 1912 ilifunika kilomita za mraba 12 hivi, na kufikia mwaka 2011 zilibaki pungufu ya 2. Lakini kileleni ni jangwa la baridi, lisilopata kwa mwaka hata milimita 300, na sehemu kubwa ya barafu hugeuka mvuke moja kwa moja bila kuwa maji. Mito hulishwa na ukanda wa msitu. Moto uliowaka mlimani Oktoba 2020, na mwingine wa Oktoba 2022, haukuyagusa macho ya dunia kama picha za barafu zinavyoyagusa, ila kwa mtu mwenye mfongo huo ndio msiba wa karibu. Moto wa miongo mingi umekwisha kuusukuma chini mpaka wa juu wa msitu wa mirika, na mahali palipokuwa na miti ya kukamua ukungu sasa pana vichaka.

Shule yoyote iliyo mahali panapoonekana mlima yaweza kuanza uchunguzi wake kesho, bila kungoja vyombo kutoka popote. Chagueni alama mlimani ambazo kimo chake chajulikana katika ramani: ukingo wa msitu, mnara, jabali. Kila siku saa nne na saa nane, andikeni tako la wingu limefikia alama ipi. Tengenezeni kipima unyevu kwa vipimajoto viwili, kimoja kikiwa kimefungwa kitambaa kilicholoweshwa, na mtafute kiwango cha umande katika jedwali. Kisha linganisheni jibu la kanuni ya 125 na lile la macho. Jioni pimeni mvua. Baada ya masika moja na vuli moja mtakuwa na takwimu za kuonyesha ni mara ngapi magoti yalifunikwa na mvua ikanyesha, na ni mara ngapi yalifunikwa isinyeshe. Yule mzee wa mfongo aliniambia hukosea mara chache, hasa mwezi wa Juni, wakati ukungu hukaa magotini siku nzima bila kutoa zaidi ya manyunyu. Mimi daftari langu nalianza siku ile tulipolowa, na kurasa zake za mwanzo bado zina madoa ya maji.